Namna ya kumsikiliza msemaji anavyochagua maneno

Ninaandika maigizo ya redio hapa Dar es Salaam. Mwigizaji akijikwaa mara tatu kwenye mstari uleule, sina haja ya kumlaumu. Narudi kwenye karatasi. Mara nyingi nakuta nimeunganisha maneno ambayo watu hawayatamki pamoja. Ili kujua yapi yanaenda pamoja, nafanya hivi.

Hatua ya 1: Rekodi mtu akieleza kazi yake

Omba ruhusa kwanza. Mimi humwomba mama lishe anieleze anavyopika pilau, au kondakta anielekeze njia ya kutoka Mbagala hadi Kariakoo. Dakika tatu zinatosha. Usimbane kwa maswali, maana mtu akijiona yuko kwenye mtihani huanza kuongea kama taarifa ya habari.

Hatua ya 2: Andika kila kilichosikika

Weka mkwaju (/) kila anaponyamaza, hata kidogo. "Eeh" na "yaani" zibaki. Kazi hii inachosha, lakini bila hiyo huna cha kuchunguza.

Hatua ya 3: Tazama kimya kimeangukia wapi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Utakuta "nakaanga vitunguu mpaka / viive vizuri", lakini ni nadra kukuta "piga / pasi" au "giza / totoro". Vipande hivyo hutoka vizima. Mwanaisimu wa Uingereza, John Sinclair, alieleza mwaka 1991 kwamba msemaji ana akiba ya vipande vilivyokwisha kuungana kwa kiasi fulani, na kila kipande ni uchaguzi mmoja hata kama kina maneno kadhaa. Ukisikia piga deki, piga mswaki, piga kura, msemaji hakuchagua "piga" kwanza kisha akatafuta pa kuipeleka.

Sikiliza pia "nanihii". Mtu anasema, "Nipe ule nanihii... mwiko." Upatanisho wa kisarufi, yaani "ule", umefika kabla ya jina! Neno lenyewe halijaja, lakini ngeli yake ameshaishika. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha jambo la jamaa na hili kwa Waitaliano: waliokwama kwenye jina mara nyingi waliweza kutaja jinsia yake ya kisarufi, yaani kama ni la kike au la kiume. Tahadhari moja: "kile nanihii" usiihesabu, kwa kuwa "kile" inaweza kuwa ya "kitu" tu. Ninazoziamini zaidi ni "ule" na "lile". Na akisema "ule nanihii... kijiko", weka alama, maana huenda neno la kwanza lilikuwa jingine, akaliacha njiani.

Hatua ya 4: Badilisha neno moja, msomee mtu mwingine

Geuza "kata tamaa" iwe "vunja tamaa", au "kula kiapo" iwe "meza kiapo". Usimuulize kama ni sahihi, atakupa sarufi ya shuleni. Muulize, "Wewe ungesemaje?"

Jaribu na mpangilio pia. Kwenye benchi la mama lishe mteja huagiza wali maharage, ugali dagaa, ndizi nyama: cha kushibisha mbele, mboga nyuma. Sema "maharage wali" uone atakavyokutazama. Asubuhi lakini ni chai chapati, kinywaji kimetangulia. Kwa hiyo usitunge kanuni moja ya jozi zote. Andika kila jozi ilivyosikika.

Hatua ya 5: Rudi kwenye mstari wako

Niliwahi kuandika: "Mzee alifanya uamuzi wa kuondoka wakati wa usiku sana." Mwigizaji alikwama kila alipofika "uamuzi wa". Nikaurekebisha: "Mzee akakata shauri, akaondoka usiku wa manane." Akausoma mara moja, tukafungua ukurasa uliofuata.