Namna ya kumsaidia mwokoaji akitoka kwenye ajali mbaya

Kama unasimamia vijana wa zimamoto au ambulansi hapa Arusha, wakitoka kwenye tukio zito kama ile ajali ya basi la wanafunzi kule Karatu ya Mei 2017, usiwakalishe siku hiyohiyo waanze kuhadithia walichokiona, hata Shirika la Afya Duniani (WHO) hawashauri hiyo, we wape maji, chakula, mtu wa kukaa nao na usafiri wa kuwafikisha nyumbani. Wiki zinazofuata mcheki kila mmoja pembeni: analala? pombe imezidi? anaikwepa ile barabara? Ikipita mwezi bado hayuko sawa mpeleke kliniki ya afya ya akili, hospitali ya KCMC pale Moshi wapo, na zamu yake ishikwe na mwenzake, posho isiguswe, maana wengi wananyamaza wakihofia kazi jamani. Na naomba sana, mambo yake yasifike kijiweni.