Kujitengenezea Meza ya Muziki kwa Sanduku, Kioo na Kamera

Mwaka 2005, katika mkutano wa kimataifa wa muziki wa kompyuta uliofanyika Barcelona, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, wakiwamo Sergi Jordà, Günter Geiger, Martin Kaltenbrunner na Marcos Alonso, walionyesha ala mpya waliyoiita Reactable. Ilikuwa meza ya duara yenye uso unaong'aa, na mpigaji aliipiga kwa kuweka vipande juu yake, kuvisogeza na kuvizungusha. Miaka miwili baadaye mwanamuziki Björk wa Aisilandi aliipeleka jukwaani katika ziara yake, na watu wengi wakaanza kuulizana meza ile inafanyaje kazi. Bahati njema ni kwamba sehemu ngumu kuliko zote, yaani programu inayotambua vipande, ambayo Kaltenbrunner aliiandika pamoja na Ross Bencina na kuiita reacTIVision, ni programu huria inayopatikana bila malipo. Mwenye kompyuta mpakato, kamera ya kawaida ya USB na fundi seremala wa jirani anaweza kujenga meza ndogo ya aina hiyo katika siku chache.

Meza inayoelezwa hapa haina projekta. Wengi huanza na projekta kwa sababu picha zinazocheza juu ya kioo ndizo zinazovutia macho, kisha hukwama kabla ya kusikia hata noti moja. Projekta itakuja mwishoni, kwa atakayeitaka.

Kanuni yenyewe

Kamera hukaa chini ya kioo ikitazama juu. Kila kipande kimebandikwa alama iliyochapishwa upande wa chini, na programu huitafuta alama hiyo katika kila picha ya kamera. Alama hizi zinafanana na michoro ya watoto, madoa meusi yenye madoa meupe ndani yake, lakini zina hesabu yake. Programu hugeuza picha yote kuwa nyeusi na nyeupe tupu, kisha huhesabu ni doa lipi limo ndani ya lipi, kama mtu anayetambua nyumba kwa idadi ya vyumba vyake na vyumba vidogo vilivyomo ndani ya vile vikubwa. Kwa kuwa mpangilio huo haubadiliki kipande kinapozungushwa, alama hutambulika ikiwa imekaa upande wowote, na mwelekeo wake hupimwa papo hapo. Faili la alama linalokuja na programu lina alama 216, zilizopewa namba kuanzia 0 hadi 215. Kwa meza ya kwanza, alama sita au nane zinatosha kabisa.

Kutokana na kanuni hiyo utaona kwamba adui wa meza hii ni mwanga usio sawa. Doa likigawanyika kwa sababu ya mng'ao wa taa, au madoa mawili yakiungana kwa sababu ya kivuli, nyumba imebadilika vyumba na programu haiijui tena. Karibu kila tatizo utakalokutana nalo litarudi hapo.

Sanduku na kioo

Anza na kamera, kisha upime sanduku kwa kuifuata, wala usifanye kinyume chake. Kamera inayoona pembe ya nyuzi 60 kwa upana inahitaji umbali wa takriban sentimita 52 ili ione uso wenye upana wa sentimita 60. Kwa kuwa kamera nyingi za bei ndogo hutoa picha ya nukta 640 kwa 480, uso wa sentimita 60 kwa 45 hulingana nayo vizuri, na kila sentimita ya kioo hupata nukta kumi na kidogo. Kabla ya kukata ubao wowote, iweke kamera sakafuni ikitazama juu, shika kipande cha boksi lenye ukubwa wa kioo chako juu yake, ukipandishe na kukishusha hadi kijaze picha. Umbali utakaoupata ndio kimo cha sanduku. Ongeza sentimita nne au tano za nafasi ya kurekebishia.

Plaiwudi ya milimita 12 inafaa kwa pande nne na sakafu. Ndani lipake rangi nyeupe isiyong'aa, mikono miwili, kwa sababu kuta ndizo zitakazosambaza mwanga. Upande mmoja uwe na mlango wa bawaba, maana utaifikia kamera mara nyingi kuliko unavyodhani, na pia toboa matundu machache ya kupitishia nyaya na joto. Kioo kiwe cha milimita 5 au 6, kingo zake zikiwa zimesagwa dukani. Kioo cha dirisha cha milimita 3 hupinda kidogo kinapoegemewa, na watu huegemea meza.

Juu ya kioo, wala si chini yake, tandaza karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, ile inayotumiwa na wachoraji wa ramani za majengo kunakilia michoro. Ikiwekwa chini ya kioo, alama hubaki mbali na karatasi kwa unene wote wa kioo na huonekana kama imefunikwa na ukungu. Ikiwa juu, kinachoigusa huonekana wazi, na mkono ulio juu zaidi hufifia wenyewe, jambo ambalo ndilo tunalolitaka. Ili karatasi isichakae, ifunike kwa plastiki laini ya kujaladia madaftari na uivute vizuri isiwe na mikunjo.

Mwanga

Chukua ukanda wa taa nyeupe za LED wa volti 12 pamoja na adapta yake, uuzungushe ndani ya sanduku karibu na sakafu, taa zikitazama kuta. Zisielekezwe kwenye kioo. Taa ikitazama kioo moja kwa moja, sura yake hurudi kwenye kamera kama doa jeupe kali, na alama yoyote itakayopita mahali hapo hupotea. Mwanga unaogonga ukuta mweupe kwanza hufika kwenye karatasi ukiwa umetulia na kuenea. Ukiona pembe za picha ni za giza kuliko katikati, sogeza ukanda juu kidogo au uubandike ubao mwembamba wa kuukinga.

Zima kabisa marekebisho ya kamera yanayojifanya yenyewe, hasa ya mwangaza na ya umakini wa lenzi. Kamera inayojirekebisha hubadilisha picha yote kila mkono unapopita, na mezani huonekana kana kwamba vipande vyote vimezimia pamoja. Meza yangu ya kwanza ilifanya kazi bila dosari usiku mzima, nami nikalala nikiamini nimemaliza. Asubuhi yake, pazia lilipofunguliwa, haikutambua kipande hata kimoja. Jua la dirishani lilikuwa na nguvu kuliko ukanda wangu wa taa, na vipande vikaonekana kama vivuli vyeusi vitupu. Tangu hapo huijaribu meza mchana, dirisha likiwa wazi, kabla ya kuamini lolote.

Vipande

Chapisha alama zikiwa na upana wa sentimita 8 kwa printa ya leza, na uache ukingo mweupe kuzunguka kila moja. Zibandike chini ya vibao vya duara au vifuniko vya mikebe vyenye uzito kiasi. Kipande chepesi mno huteleza, tena hakimpi mpigaji hisia ya kushika kitu. Juu ya kila kimoja weka dalili ambayo mkono utaijua bila macho, kwa mfano msumari mdogo, mchirizi, au kitambaa. Pia weka mshale, ili ujue sifuri ya mzunguko iko wapi.

Kutoka kwenye picha hadi kwenye sauti

Programu ya reacTIVision hutoa habari zake kwa itifaki iitwayo TUIO, inayosafiri kwa ujumbe wa OSC, yaani mfumo ambao programu za muziki hutumia kupashana habari, kupitia mlango namba 3333 wa mtandao wa ndani ya kompyuta. Ujumbe unaotuhusu zaidi ni wa aina mbili. Ule wa set hubeba namba ya kikao (namba mpya inayotolewa kila kipande kinapoonekana mezani), namba ya alama, mahali pa x na y kati ya 0 na 1, na pembe kwa radiani kuanzia 0 hadi 6.283, kisha kasi mbalimbali. Ule wa alive hutaja namba za vikao vya vipande vyote vilivyo mezani kwa sasa.

Kwa sauti napendekeza Pure Data, programu huria iliyoanzishwa na Miller Puckette, ambamo ala huundwa kwa kuunganisha visanduku kwa mistari. Kisanduku cha kwanza kiwe netreceive -u -b, kipelekewe ujumbe wa listen 3333 au uandike namba hiyo ndani yake. Kiunganishe na oscparse, kisha list trim, kisha route tuio, route 2Dobj na mwisho route set alive. Weka print mwishoni, zungusha kipande juu ya kioo, na namba zikimiminika umevuka mto. Kipande kikienda kulia ilhali x inapungua, tumia 1 kutoa x.

Kosa la kawaida hapa ni kudhani kwamba ujumbe wa set huja mfululizo. Huja hasa kipande kinapobadilika, kwa hiyo kipande kilichotulia hunyamaza katika ujumbe ingawa kingali mezani. Sauti izimwe kwa kuifuata alive. Tena isizimwe papo hapo, kwa sababu alama hupotea kwa picha moja au mbili na kurudi ikiwa na namba mpya ya kikao. Kikao kinapotoweka, anzisha saa ya milisekunde 250. Set ya alama ileile ikirudi kabla ya muda huo, ifute saa. Ianzishwe mara moja tu, pale kikao kinapotoweka, maana ikianzishwa upya kwa kila alive, vipande vingine vinavyosogea vitaizuia isifike mwisho na sauti haitazimika kamwe.

Sasa ugawe kazi. Kipande cha kwanza kiwe chanzo cha sauti, phasor~ au osc~, mzunguko wake ukichagua noti na y ikipima ukubwa wa sauti. Cha pili kiwe kichujio, vcf~, na cha tatu kiwe mdundo. Kila thamani inayogusa sauti ipitishwe kwenye line~, kisanduku kinachobadilisha thamani polepole, ya milisekunde 20 hivi, la sivyo utasikia mikwaruzo kila mkono unapotembea.

Kwenye noti ndipo meza hii inapoishinda kinanda. Kisanduku cha mtof hugeuza namba ya noti kuwa masafa, na hukubali namba zenye desimali. Gawanya mzunguko katika sehemu nane na uzipe namba 60, 62, 63.5, 65, 67, 69, 70.5 na 72, utapata makadirio ya maqam rast, mojawapo ya ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, ambayo masikio yaliyolelewa na taarabu ya Unguja au Mombasa yatayatambua mara moja, ilhali kinanda cha kawaida hakina vitufe vya 63.5 na 70.5. Ni makadirio kweli, kwa kuwa mpigaji wa udi hushusha na kupandisha noti hizo kwa sikio, lakini nawe unaweza kuzirekebisha kwa kubadilisha desimali. Angalia tu mahali pembe inaporuka kutoka 6.283 kurudi 0, kwani sauti nayo itaruka kutoka juu hadi chini. Iache sehemu hiyo ya mzunguko iwe kimya.

Mdundo usiupige kwa kuweka na kuinua vipande. Kamera ya picha 30 kwa sekunde huchelewa milisekunde 33 kabla hata programu haijaanza kazi, na mpiga ngoma yeyote ataihisi kasoro hiyo. Mwache metro wa Pure Data, kisanduku kinachopiga kwa vipindi sawa, ashike mapigo, na kipande kibadilishe kasi, idadi ya mapigo au mahali pa mkazo. Kwa mdundo wa sita kwa nane, metro ya milisekunde 200 yenye kihesabio cha 0 hadi 5 ni mwanzo mzuri. Kipande kikizungushwa, mkazo wa pili huhama kutoka pigo la tatu hadi la nne, na mchezo mzima hubadilika sura.

Baada ya hapo vipande vijuane. Umbali kati ya viwili hupatikana kwa kuzidisha tofauti ya x kwa 60 na ya y kwa 45, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jumla ya miraba yake. Matokeo yake ni sentimita halisi. Umbali ukiwa chini ya 15, sauti ya kwanza ipite kwenye kichujio. Ukizidi hapo, ikiepuke. Mtu asiyejua chochote kuhusu programu atakisogeza kipande karibu na kingine, asikie sauti ikifunikwa, akirudishe, na atakuwa ameelewa bila kuelezwa.

Kwa atakayetaka projekta

Picha za projekta zinazobadilika juu ya kioo huivuruga kamera, kwa hiyo mwanga wa kamera lazima utenganishwe na ule wa macho. Ukanda mweupe hubadilishwa kwa taa za infraredi za nanomita 850, kichujio kidogo cha kuzuia infraredi huondolewa ndani ya kamera, na mbele ya lenzi huwekwa kipande cha negativu nyeusi ya filamu iliyokwisha kupigwa mwanga na kusafishwa, ambayo huzuia mwanga wa kawaida na kuipitisha infraredi. Macho hayaoni mwanga huo, hivyo usiinamie taa hizo kwa muda mrefu eti kwa sababu zinaonekana zimezimika. Alama lazima ziwe za printa ya leza, kwani wino wa baadhi ya printa nyingine ni mweusi kwetu lakini kwa kamera ya infraredi huwa kama maji. Projekta yenyewe huhitaji nafasi na hewa, na sanduku la sentimita 57 halitaitosha bila kioo cha kujitazamia cha kuupindisha mwanga wake, kwa hiyo mwambie seremala atengeneze sanduku jipya.