Laptopu ya mtumba, Linux imekubali ila waifai haionekani: fanya hivi

Wakuu, dogo mmoja wa jirani hapa Tabata kaniletea HP aliyoichukua Kariakoo, katoa Windows kaweka Linux Mint, kila kitu safi, spika zinapiga, ila kwenye alama ya mtandao hamna hata jina moja la waifai. Nimeshamsaidia, na maswali yake ni yaleyale ninayoulizwa kila mara, kwahiyo naandika hapa. Kuinstoli Linux sielezi, kama umefika hapa hiyo unaijua. Naongelea Ubuntu na Mint, Debian nitaigusa kidogo. Amri zote unaziandika kwenye terminali, lile dirisha jeusi la kuandikia amri.

Hatua 1: hakikisha haijazimwa

rfkill list

Ukiona "Soft blocked: yes" andika sudo rfkill unblock all. Ukiona "Hard blocked: yes" tafuta swichi ya pembeni au kitufe chenye alama ya mnara. Kama Wireless LAN haimo kabisa kwenye hiyo orodha, basi drayva (programu inayoiwezesha Linux kutumia chipu ya waifai) haipo, twende.

Hatua 2: ijue chipu yako

lspci -nnk | grep -iA3 net

Tafadhali usianze kuuliza "drayva ya waifai ya HP ni ipi". HP mbili zinazofanana kama mapacha kwa nje zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa ndani. Angalia namba zilizo kwenye mabano ya mraba. Zikianza na 8086 hiyo ni Intel, na Intel kwa kawaida inashika yenyewe, ikigoma basi mara nyingi umeweka toleo la Linux la zamani, weka jipya usihangaike. Zikianza na 10ec ni Realtek, nayo kwa kawaida dawa yake ni kerneli (kiini cha Linux) mpya. Zikianza na 14e4 pole sana, hiyo ni Broadcom. Ya dogo ilikuwa 14e4:4365, yaani BCM43142, na chini yake ule mstari wa "Kernel driver in use" haukuwepo. Kuanzia hapa naongelea hiyo Broadcom.

Hatua 3: intaneti ya muda

Chomeka simu ya Android kwa kebo, nenda kwenye setingi za hotspoti, washa USB tethering. Ndani ya sekunde chache laptopu inaona mtandao kama vile umechomeka waya wa ruta. Na kama simu yenyewe iko kwenye waifai ya mtu, simu nyingi zinapitisha hiyohiyo waifai, bando lako haliguswi. Ikigoma, badilisha kebo kwanza kabla hujalaumu Linux, kebo nyingi za barabarani ni za kuchajia tu, hazipitishi data. Habari za kushusha mafaili kwenye kompyuta nyingine uyabebe kwa flashi mimi siziafiki, unabeba moja linadai jingine mpaka jua linazama. Na ukiwa kwenye bando, ule ujumbe wa kusasisha mfumo mzima uukatalie kwanza.

Hatua 4: weka drayva

sudo apt update
sudo apt install linux-headers-$(uname -r) bcmwl-kernel-source

Kwenye Debian ruhusu non-free (sehemu ya programu zisizo huria) ndani ya /etc/apt/sources.list, kisha weka broadcom-sta-dkms badala ya hiyo ya mwisho. Chipu za zamani zaidi kama BCM4311 na BCM4318 zinataka firmware-b43-installer. Mint wana Driver Manager ya kubofya, inafanya kazi, ila mimi nataka terminali kwa sababu kikiharibika kitu nakiona.

Hatua 5: Secure Boot, hapa soma polepole

Hapa ndo watu wanapokesha. Drayva imewekwa, hakuna kosa lililotokea, unarestati, waifai bado hamna, unafuta unaweka upya, hamna, unaanza kuitukana Linux. Kabla ya yote andika:

mokutil --sb-state

Ikisema "SecureBoot enabled", basi kerneli inakataa drayva yoyote isiyo na saini inayoitambua. Ukijaribu sudo modprobe wl (amri ya kuiwasha hiyo drayva) utaambiwa "Key was rejected by service" au "Operation not permitted". Drayva ni nzima, imezuiwa mlangoni tu.

Wakati wa hatua ya 4 kuna skrini ilikuja ikakuomba paswedi. Hiyo siyo paswedi ya kuingilia kwenye kompyuta, ni mpya unayoitunga, angalau herufi 8, weka nyepesi maana utaiandika mara moja tu, na ukwepe alama za ajabu kwa sababu kule mbele kibodi inasomwa kwa mpangilio wa Marekani. Ukirestati inatokea skrini ya bluu inayokwambia ubonyeze kitufe chochote, na inasubiri sekunde kama kumi hivi tu! Ukienda kuchukua maji imekupita. Bonyeza, chagua Enroll MOK (yaani sajili ufunguo wa saini ya drayva), Continue, Yes, andika ile paswedi, halafu Reboot. Usichague "Continue boot". Imekupita? Usifute kitu, omba upya:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Tunga paswedi nyingine, restati, safari hii kaa mbele ya skrini.

Wengine watakwambia zima Secure Boot kwenye BIOS (setingi za msingi za mashine) yaishe. Sawa, inawezekana, ila kama una Windows pembeni yenye BitLocker (kufuli la diski la Windows) inaweza kukudai ufunguo wa kuifungulia, na kama huna umeumia. HP nyingi nazo ukizima zinakuletea namba nne uziandike ndo zikubali. Na hizi laptopu zilizotoka maofisini huko nje, kuna zinazokuja na paswedi ya BIOS ambayo hata muuzaji haijui, kwahiyo njia ya MOK ndo uliyobaki nayo.

Hatua 6: unganisha

sudo modprobe wl
nmcli device wifi list

Kama jina la ruta yako halimo ila ya jirani ipo, jua BCM43142 inasoma 2.4GHz tu, 5GHz haioni kabisa. Ingia kwenye ruta uwashe 2.4.

Hatua 7: isije ikapotea tena

sudo apt install linux-headers-generic

Bila headers (mafaili ya kerneli ya kujengea drayva), siku kerneli ikisasishwa drayva haijengwi upya na waifai inapotea. Skrini ya bluu hairudi, saini ni ileile. Ikitokea imepotea hata hivyo, andika dkms status uone kama drayva imejengwa kwa kerneli unayotumia, na usipoiona kwenye orodha rudi hatua ya 4 ukiwa na kebo ya simu.