Picha za nyota zimetoka nyeusi tii? Usifute kwanza

Juzi saa sita usiku mdogo wangu kanitumia meseji, "kaka picha zote zimeharibika, giza tupu". Katoka Same huko, kapiga Orion (lile kundi la nyota) picha 100 kwa Canon 1300D na lenzi ya 50mm, kaumwa na mbu mpaka basi, halafu anataka kufuta. Nikamwambia wee subiri. Picha zilikuwa safi kabisa. Nimeandika hapa kwa sababu nimechoka kueleza kwa voisi.

Hatua ya 1: kupiga

RAW (faili ghafi la kamera), sibishani na mtu wa JPEG. Sekunde chukua 500 gawanya kwa 80 (hiyo ni 50 mara 1.6 ya sensa yake), unapata kama 6, ukizidisha nyota zinakuwa vimistari virefu maana dunia haisimami kukusubiri. Kabla hujafungasha, funika lenzi na upige nyingine 20 kwa sekunde zile zile na ISO ile ile, hizi ndizo darks, za kutolea uchafu wa sensa. Hapo hapo porini, sio kesho yake sebuleni, joto la sensa linakuwa sio lile.

Hatua ya 2: kustaki (kuunganisha picha zote ziwe moja)

Shusha Siril, programu ya kazi hiyo, ni ya bure na inakubali Windows, Mac na Linux. Wapo wanaosifia DeepSkyStacker, nayo bure, ila mimi naona inakufikisha nusu ya safari halafu inakushusha. Tengeneza folda ziitwe lights (picha za nyota), darks, biases (lenzi imefunikwa, kasi ya juu kabisa) na flats (picha za kitu cheupe chenye mwanga sawasawa), herufi ndogo, usiongeze hata nukta, halafu endesha skripti. Kama huna flats kuna skripti ya wasionazo, wala usione aibu.

Ila diski angalia mapema! Kamera ya megapikseli 18, kila picha ikishatiwa rangi inakuwa kama MB 216, na Siril inaziandika mara mbili, ya kusafishwa na ya kupangwa, kwa hiyo picha 100 zinakula zaidi ya GB 40. Laptop ya dogo ilikuwa na GB 11 ikagoma katikati, akadhani ni virusi. Faida ya kustaki sasa, chenga (zile punjepunje) zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha, yaani picha 100 zinakupa chenga mara 10 chini ya picha moja.

Hatua ya 3: kusafisha

Fungua faili linaloanza na result. Ni jeusi, sawa, tulia. Pale chini ya skrini badilisha Linear iwe AutoStretch, Orion huyo. Ikija ya kijani kama maji ya bwawa usishtuke, tenganisha rangi kwa kile kialama cha mnyororo. Kata kingo, ondoa mwanga wa taa za mji kwa Background Extraction, halafu fungua Image Plate Solver: andika M42 (nebula, yaani wingu la gesi, la Orion), lenzi 50, pikseli 4.3, kisha rangi kwa Photometric Color Calibration. Washa bando kabla, inatafuta nyota kwenye katalogi.

Hatua ya 4: kuvuta mwanga (hapa ndipo nilipokesha)

Sikiliza vizuri. AutoStretch ni MIWANI TU. Unachokiona hakipo kwenye faili, faili bado ni jeusi vile vile. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliona picha imependeza nikasevu JPEG, nikaifungua kwenye simu, nyeusi kama masizi. Nikarudi nikasevu tena, TIFF, PNG, zote masizi, nikafuta Siril nikaipakia upya. Baadaye nikagundua Histogram Transformation (kifaa cha Siril cha kuvuta mwanga kwa grafu), nikavuta, skrini yote ikawa nyeupe kama maziwa! Kumbe miwani bado nimevaa, navuta juu ya kilichokwishavutwa. Masaa matatu hayo, na umeme nanunua mwenyewe.

Kwa hiyo kwanza rudisha Linear, skrini iwe nyeusi, ndiyo, inatia hofu. Ndipo ufungue Histogram Transformation. Utaona kilima chembamba kimebanwa ukutani kushoto, mwanga wako wote umekaa humo. Kamata kile kipembetatu cha katikati ukisogeze kushoto kidogo, kubali. Kilima kinahama kulia na kunenepa. Sasa kipembetatu cha kushoto kisogeze mpaka karibu na mguu wa kilima, kisiuguse, ukiugusa unakata vumbi na gesi uliyoifuata Same. Rudia mara tatu nne, kidogo kidogo. Ukivuta kwa pupa katikati ya nebula panaungua na nyota zote zinakuwa nyeupe.

Kipimo changu ni Betelgeuse na Rigel, nyota mbili kali za Orion. Ya kwanza iwe ya chungwa, ya pili ya bluu. Zikiwa nyeupe zote mbili, rudi nyuma, umezidisha.

Hatua ya 5: GIMP (programu ya bure ya kuhariri picha)

Curves (mkunjo wa mwanga na giza) kidogo, rangi kidogo, sevu. Zile app za simu za kung'arisha sura sizitaki hata kuzisikia.

Dogo ya kwanza kaniletea anga jeusi kama masizi ya sufuria, kakata mguu wa kilima, nikamrudisha hatua ya 4. Ya pili anga likawa kijivu cheusi, Betelgeuse chungwa kabisa. Kashaiweka profaili, mimi hajanitaja.