Nani kaiba umakini wako: jinsi ya kufanya kazi ukiwa na wasiwasi au sonona

Kazi yangu ni kusahihisha miswada. Nalipwa ili nione nukta iliyopotea, herufi iliyorudiwa, jina la mhusika lililoandikwa kwa namna mbili katika sura mbili. Miaka 6 iliyopita nilikaa mbele ya ukurasa wa 41 wa mswada mmoja kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, penseli mkononi, rula chini ya mstari. Nasoma mstari, nafika mwisho, najiuliza umesema nini, narudi mwanzo. Kwa saa zote hizo niliweka alama mbili tu, na moja nikaifuta kwa sababu halikuwa kosa.

Niliamini akili yangu imechakaa, nami nina miaka 38. Kumbe nilikuwa na wasiwasi uliopitiliza, na miezi michache baadaye sonona, ambayo wengine huiita unyogovu, ikaja juu yake. Nilidhani sonona ni kulia na wasiwasi ni moyo kwenda mbio. Sikujua kwamba kukosa umakini ni dalili ambayo madaktari huiuliza waziwazi. Katika DSM-5, mwongozo wa utambuzi uliotolewa Marekani mwaka 2013, ugumu wa kufikiri, kutuliza akili au kufanya uamuzi ni mojawapo ya dalili 9 za sonona. Kushindwa kutuliza akili kumo pia kati ya dalili 6 za wasiwasi wa kudumu. Laiti ningeambiwa hivyo mapema, nisingejiita mvivu mwaka mzima.

Nikuambie mapema lililonisaidia kuliko yote: wasiwasi na sonona huiba umakini kwa njia mbili tofauti. Kinachomtuliza mmoja kinaweza kumwongezea nguvu mwingine. Kwa hiyo kabla hujajilazimisha kufanya kazi, jua kwanza ni nani kati yao aliyekushika saa hiyo.

Kinachoibwa

Ndani ya ubongo kuna kazi za usimamizi, ambazo hutegemea sana sehemu iliyo nyuma ya paji la uso. Mwaka 2000 Akira Miyake na wenzake walizichunguza tatu: kujizuia usifuate kila kinachokuita, kuhama kutoka jambo moja kwenda jingine bila kunasa, na kushika vitu akilini huku ukivibadilisha kila habari mpya inapoingia. Mahali pa kushikia vitu hivyo ni padogo. Nelson Cowan alikadiria mwaka 2001 kuwa ni kama vitu 4 kwa wakati mmoja.

Wasiwasi nao hukaa humo humo. “Je, malipo yakichelewa? Je, mhariri amekasirika?” Maswali hayo yanashika nafasi ambayo ingeshika sentensi unayoisoma. Michael Eysenck na wenzake walieleza mwaka 2007 kwamba wasiwasi hudhoofisha hasa kujizuia na kuhama, na kwamba mara nyingi mtu bado anamaliza kazi vizuri, ila kwa kutumia nguvu nyingi zaidi. Niliposoma hilo nilijiona. Wateja walikuwa wanasifu kazi yangu, nami jioni nashindwa hata kuvua viatu.

Sonona haina kelele za namna hiyo. Inapunguza mwendo wa fikra, na inaondoa hamu, ile hisia kwamba jambo fulani linafaa kusumbukiwa. Hapo tatizo si kuvurugwa katikati ya kazi, ni kushindwa kuianza. Na akili ikipata nafasi, inacheua. Ng'ombe hurudisha alichokula akakitafuna upya. Mwenye sonona hurudisha kosa la miaka 10 iliyopita. Wasiwasi huuliza “je, ikitokea?”, sonona huuliza “kwa nini nilifanya vile?”

Uliza mwili

Mwili husema ukweli haraka kuliko mawazo. Ninapokwama, naweka penseli chini na kujiuliza: nakimbia au nimezama? Nikikuta taya zimekaza, mabega yamepanda na mezani nimefungua vitu vitano, huo ni wasiwasi. Nikijikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mguuni, nyingine mkononi, na sijui nimekaa hapo tangu lini, hiyo ni sonona. Mara nyingi vyote viwili vipo kwa pamoja. Hapo natuliza mbio kwanza, kisha naanza na kipande kidogo cha kazi.

Ukiwa unakimbia

Toa mawazo kichwani uyaweke kwenye karatasi. Yaandike kama yanavyokuja, hata kama ni ya aibu. Kisha pitia kila moja na ujiulize kama kuna tendo unaloweza kulifanya leo. Kama lipo, liandike pembeni, moja tu. Kama halipo, lipeleke kwenye saa ya wasiwasi.

Saa ya wasiwasi ni mbinu ambayo Thomas Borkovec na wenzake waliijaribu katika miaka ya 1980. Unachagua muda na mahali pamoja kila siku, kama nusu saa, na wasiwasi ukikujia kabla ya hapo unauahirisha mpaka wakati wake. Yangu ni saa kumi na moja jioni, kwenye kiti cha dirishani. Usiweke kitandani, wala karibu na muda wa kulala. Wiki ya kwanza mawazo hayakukubali kusubiri hata kidogo. Wiki ya tatu nilikaa na orodha yangu nikakuta mengi ya asubuhi yameshapoa. Usijaribu kuyafukuza kabisa, maana wazo linalofukuzwa hurudi. Wazo hili unalipangia miadi.

Jambo la pili ni kukagua. Mwenye wasiwasi hukagua ujumbe mara nane kabla ya kuutuma. Mimi nimejiwekea sheria ya kazini: mswada napitia mara mbili. Mkono ukitaka kurudi mara ya tatu, najua si makosa ninayoyatafuta, natafuta uhakika, na uhakika huo haupo kwenye karatasi. Kabla ya kuanza, toa pumzi polepole kwa dakika chache, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Simu iwe chumba kingine.

Ukiwa umezama

Hapa usisubiri hamu. Peter Lewinsohn, mwanasaikolojia wa Marekani, katika miaka ya 1970 aliweka msingi wa tiba inayoanza na matendo: mtu mwenye sonona huacha mambo, akiyaacha hukosa furaha iliyokuwa ikitoka humo, naye huzidi kuzama. Tendo hutangulia, hamu hufuata nyuma, wakati mwingine nyuma sana.

Nilikuwa na bahasha iliyokaa juu ya kabati siku 19. Kila nilipopita nilitazama pembeni. Mwishowe nikaigawanya kazi hiyo mpaka isitishe. Siku ya kwanza niliitoa kabatini nikaiweka mezani, basi. Siku ya pili nilikata ukingo wake kwa mkasi na kuiacha. Siku ya tatu nikatoa barua. Walioituma walitaka nithibitishe anwani na kuweka sahihi. Nilitumia dakika nne. Ukiona kipande bado kinakutisha, hujakikata vya kutosha.

Kingine ni kuamua mapema, saa ambayo una nguvu kidogo. Peter Gollwitzer amechunguza sana mipango ya namna hii: “ikitokea hivi, nitafanya vile.” Wangu ni huu: nikishaosha kikombe changu cha asubuhi, nafungua mswada na kusoma mstari wa kwanza. Si “nitafanya kazi kesho,” ambayo inadai uamue upya wakati uwezo wa kuamua ndio ulioibwa.

Na usiiamini kumbukumbu yako kipindi hiki. Sinyanyuki kitini bila kuandika nilipoishia: “Uk. 57, mstari wa 12, hakiki jina la shangazi.” Kikaratasi hicho kimeniokoa mara nyingi kuliko nia njema yoyote. Kwa wiki moja andika pia kila saa ilikuwaje. Kwa baadhi ya wenye sonona asubuhi ndiyo mbaya zaidi, na kama wewe ni mmoja wao, hakuna sababu ya kuipa asubuhi kazi nzito.

Nenda ukapimwe

Upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, kukatika kwa pumzi usingizini na baadhi ya dawa huweza kuharibu umakini vilevile. Daktari wangu aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: “Ulipokuwa na miaka tisa, walimu walikuwa wanakulalamikia nini?” Kumbe alikuwa anatofautisha na ADHD, hali ya kukosa umakini ambayo dalili zake, kwa vigezo vya DSM-5, huonekana kabla ya miaka 12. Mimi nilikuwa mtoto wa kukaa kitini saa nzima. Wako wenye vyote viwili, kwa hiyo jibu kwa ukweli.

Huenda ukapewa dodoso la kupima sonona liitwalo PHQ-9, lenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, moja likiwa juu ya kutulia unaposoma au unapotazama televisheni. Alama 10 na kuendelea huashiria kwamba unahitaji kuangaliwa kwa undani, si hukumu. Tiba ya mazungumzo na dawa husaidia, na dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Lakini kama una mawazo ya kujidhuru, usisubiri miadi. Mwambie mtu leo, asikuache peke yako, mwende hospitali.

Hakuna aliyenitayarisha kwa jambo moja: moyo unaweza kuchangamka na umakini ukabaki nyuma. Nilianza kucheka tena, nikala vizuri, nikalala, na bado nilipoteza mstari. Nilidhani tiba imeshindwa, nikakaribia kuacha dawa. Daktari akaniambia hilo hutokea kwa wengi, nisiache ghafla. Ilichukua miezi kadhaa.

Katika miezi hiyo nilimpigia mhariri ninayefanya naye kazi. Sikumweleza ugonjwa wote. Nilimwomba maagizo yaje kwa maandishi, jambo moja kwa ujumbe mmoja, na tarehe yake. Ujumbe wa kwanza baada ya hapo ulisema: “Dada, sura ya tatu tu, mpaka Alhamisi.” Nikaimaliza Alhamisi saa nane mchana.