Mashine ya leza isisimame pahali pamoja

Msimu huu nimeletewa hesabu za ujazo wa miti, zilizopimwa kwa mashine inayozunguka ikisoma mashina kwa mwanga wa leza, na vikundi vitatu vya wapanda miti wa huku Njombe na Mufindi, na kosa ni lilelile. Mashine imesimikwa katikati ya kiduara cha sampuli, yaani kipande kidogo kinachowakilisha shamba zima, imezunguka mara moja, imerudishwa kwenye sanduku. Najua kwa nini: fundi analipwa kwa kila kituo, yaani kila mahali anaposimika mashine, nanyi mnaomba kimoja. Lakini mwanga wa leza haupenyi gogo. Msindano uliojificha nyuma ya mwenzake haumo kwenye hesabu, na usiomo kwenye hesabu haulipwi.

Pigeni hesabu wenyewe. Kiduara chenye nusu kipenyo cha mita 11.28 kina mita za mraba 400. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, kama miche yote ilishika, kina miti kama 44. Sita tu ikijificha, zidisha kwa 25 upate hekta: miti 150. Kila mti ukiwa na mita za ujazo 0.3, umemzawadia mnunuzi mita za ujazo 45, na fundi umemlipa juu.

Hata mti ulioonekana umeonekana upande mmoja. Upande wa pili programu ya kompyuta inaukisia kana kwamba shina ni duara kamili, na mashina yetu mengi si duara kamili.

Kwa hiyo vituo ni vitano: kimoja katikati, vinne pembeni kuzunguka kiduara. Si vitatu "kwa kuwa shamba ni safi". Vitano! Mipira myeupe ya alama, inayosaidia kuunganisha picha za vituo vyote, ipangwe ili mitatu ionekane kutoka kila kituo na kile kinachofuata, na isiguswe mpaka kazi iishe. Shamba moja mtoto aliuchukua mmoja akacheze, tukaanza upya.

Kwenye mteremko, mita 11.28 ni za usawa, si za kamba iliyolala ardhini. Mteremko ukiwa wa nyuzi 20, kamba ya kupanda au kushuka iwe mita 12.

Magugu yafyekwe siku moja kabla, hadi ardhini. Kipenyo kinasomwa mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko. Mashine ikidhani kilele cha majani ndiyo ardhi, itasoma juu zaidi, penye shina jembamba. Matawi ya chini yapogolewe pia.

Pimeni asubuhi, ukungu ukishaondoka na upepo haujaanza. Shina likiyumba linaandikwa nene au lenye pande mbili. Mvua ikinyesha, rudini nyumbani.

Kabla fundi hajaondoka, pimeni miti 10 kwa futi ya kamba, mgawanye mzingo kwa 3.14 mpate kipenyo. Tofauti na kipenyo cha mashine ikizidi sentimita 1, arudie. Urefu nao msiuchukue kavukavu: vilele hufichwa na matawi, mashine ikatoa mti mfupi. Hakikini kwa klinomita, kile kifaa cha kupimia urefu wa mti kwa pembe.

Picha nzuri mtaijua: kila shina likikatwa kwenye kompyuta kwa mita 1.3 linafunga kama bangili.

Mnunuzi akija, muulizeni kwanza anahesabu na gome au bila gome, kwa sababu leza inasoma juu ya gome.