Kuandaa Ndoano za Migonzo kwa Wingi Nyumbani, Msimu kwa Msimu

Mvuvi wa sangara anayetumia migonzo, yaani kamba ndefu zenye nyuzi fupi nyingi za ndoano, katika mwambao wa Mwanza hupoteza ndoano karibu kila anapoingia ziwani. Nyingine hukatwa na samaki mzito, kwa kuwa sangara aliyekomaa huweza kuzidi kilo 100. Nyingine hunasa kwenye miamba, na nyingine huzolewa na magugu maji pale upepo unapoyasukuma kuelekea ghuba. Kwa hiyo kazi ya kufunga ndoano haina mwisho, na jambo la kuamua ni lini ifanywe. Anayefunga ndoano chache chache jioni ile ile ya kuondoka hufunga akiwa na haraka, tena mwanga umepungua, na fundo lililofungwa hivyo ndilo linaloachia samaki akiwa amefika ubavuni mwa mtumbwi. Nashauri kazi hii ifanywe nyumbani kwa mafungu makubwa, mara mbili kwa mwaka, katika siku zilizochaguliwa.

Fungu kubwa liandaliwe kati ya mwezi wa sita na wa nane. Huo ni wakati wa kiangazi, na upepo wa kusi huvuma kwa nguvu kiasi kwamba zipo siku nyingi ambazo mtu mwenye busara hauingizi mtumbwi wake majini. Hewa ni kavu, jua lipo, kamba zilizooshwa hukauka kwa siku moja, na ndoano haishiki kutu ukiwa bado unaifunga. Fungu la pili, ambalo ni la kujazia, lifanywe mwezi wa kwanza na wa pili, vuli ikiwa imepita na masika hayajaanza. Masika yenyewe yasitumiwe kwa kazi hii kama unaweza kuepuka, kwa sababu kamba inayohifadhiwa na unyevu huota ukungu na ndoano zake huanza kubadilika rangi kabla hazijaonja maji.

Ndani ya mwezi pia kuna wakati wake. Mitumbwi ya dagaa hutegemea taa, na mbalamwezi inapokuwa kali taa hupoteza nguvu ya kuwavuta dagaa, hivyo vijana wa Igombe, Kayenze na visiwa vya Ukerewe hupumzika nchi kavu mpaka giza lirudi. Hizo ndizo siku za kupata mikono ya kukusaidia. Kwa kuwa mzunguko wa mwezi ni takribani siku 29 na nusu, unaweza kupanga tarehe mapema na kuzungumza nao kabla hawajapata kibarua kingine.

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu. Tuchukue mgonzo wa ndoano 300, ambapo uzi unaoshika kila ndoano una urefu wa mita 1 baada ya kufungwa. Nafasi kati ya uzi mmoja na mwingine lazima izidi mara mbili ya urefu huo, la sivyo ndoano mbili jirani zitafikiana na kusokotana. Mita 3 zinatosha. Hapo kamba mama, ile ndefu inayobeba nyuzi zote, itahitaji karibu mita 900, na ukiongeza za kufungia mawe na maboya kwenye miisho, nunua mita 950. Kila uzi ukatwe mita 1 na sentimita 40, kwa sababu mafundo hula urefu, na jumla yake ni mita 420. Ndoano ziwe 330 au zaidi, kwa kuwa zipo zitakazokataliwa wakati wa ukaguzi.

Saizi ya ndoano isichaguliwe kwa bei. Namba inapokuwa kubwa, ndoano huwa ndogo, na ndoano ndogo hunasa sangara wachanga, ilhali sheria inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Mwoneshe ofisa uvuvi au viongozi wa BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) wa mwalo wako ndoano moja ya mfano kabla ya kulipia. Anayenunua kwa wingi akikosea saizi, hukosea mara mia tatu, na hao samaki wachanga ndio mavuno yetu ya mwaka unaofuata.

Kazi yenyewe igawanywe kwa hatua, na hatua moja imalizike kwa fungu zima kabla ya kugusa inayofuata. Kata nyuzi zote kwanza kwa kipimo kimoja, ukitumia misumari miwili iliyopigiliwa kwenye ubao, kisha zichome ncha kidogo kwa kiberiti ili nailoni isifumuke. Baada ya hapo noa ndoano zote. Ndoano mpya hazina ukali unaolingana, hata zikitoka pakiti moja. Iweke ncha juu ya ukucha wa dole gumba na uivute polepole bila kukandamiza: iliyo kali hushika ukucha papo hapo, na iliyo butu huteleza. Ile inayoteleza ipitishiwe tupa ndogo kuelekea nchani, mara mbili tatu tu, kwani ukizidisha ncha hubaki nyembamba na kupinda.

Ndipo ufunge. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoano, ukunje ncha yake iwe kitanzi kinacholala juu ya shina, kisha izungushe ncha hiyo kupitia ndani ya kitanzi, ikikumbatia shina pamoja na uzi, mara sita au saba. Lowesha fundo kwa maji, kwa kuwa nailoni inayosuguana ikiwa kavu hupata joto na kudhoofika, kisha kaza taratibu mpaka mizunguko ilale bega kwa bega bila mmoja kupanda juu ya mwingine. Mzunguko uliopanda hukata wenzake siku ya mzigo. Fundo la namna hiyo likatwe na kufungwa upya, wala lisibakizwe kwa sababu tu linaonekana limekaza.

Ukaguzi ufanywe asubuhi inayofuata, na mtu ambaye si yeye aliyefunga. Kila ndoano ining'inizwe kwenye msumari mnene uliopigiliwa kwenye nguzo na kuvutwa kwa nguvu ya mikono yote miwili, uso ukiwa umegeuziwa pembeni. Hatua hii huwachosha watu na wengi huiruka. Mimi naiona kuwa ndiyo inayolipa gharama ya nyingine zote. Zilizofaulu zifungwe kwenye kamba mama kwa mpangilio, na kamba ilazwe kwa mizunguko ndani ya sanduku la mbao, huku ndoano zikichomekwa moja moja kwenye ukingo uliowambwa mpira wa kandambili chakavu, ili siku ya kutega zitoke kwa zamu yake.

Sanduku likae kwenye kivuli na pakavu, kwa maana jua hudhoofisha nailoni, na lisikae karibu na betri ya taa, kwa kuwa tindikali yake huila. Migonzo iliyokwisha kutumika ioshwe harufu ya chambo kabla ya kuhifadhiwa, la sivyo panya wataitafuna.

Wakati wote wa kazi, watoto wasiwepo chumbani, na sakafu ifagiliwe kwa sumaku au kuangaliwa kwa tochi kila kazi inaposimama. Idadi ya ndoano zilizotoka kwenye pakiti ilingane na zilizofungwa pamoja na zilizokataliwa. Ikipungua hata moja, itafutwe kabla mtu hajavua viatu. Ndoano ikimzama mtu ikapitisha kile kijino chake cha ndani, isivutwe kurudi ilikoingilia. Uzi ukatwe, mkono utulizwe, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya, ambako itatolewa ipasavyo na kuangaliwa kama anahitaji chanjo ya pepopunda.

Kwenye kifuniko cha kila sanduku andika mwezi wa kuandaliwa, saizi ya ndoano na idadi, na kila unaporudi kutoka ziwani ongeza idadi ya zilizopotea. Zikifika 40 kati ya 300, chukua nyuzi zilizo tayari kutoka kwenye akiba na uzijaze siku hiyo hiyo, kwa kuwa fundo moja la kuunganisha kwenye kamba mama ndilo pekee litakalokuwa limebaki.